Aliyeumwa na Nyoka

Wenzangu, mwaka wa 1928 Walt Disney alimpoteza Oswald, sungura wake wa katuni, kwa sababu haki zake zilikuwa za kampuni nyingine. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: mwaka huo huo akamleta Mickey Mouse, na safari hii alikuwa mali yake mwenyewe. Mwaka wa 1994 kampuni yake ikatoa The Lion King, yenye Simba na Rafiki, maneno yetu. Kisha mwaka wa 2003 ikasajili "Hakuna Matata" huko Marekani kuwa alama ya biashara ya fulana. Jamani! Hatujakatazwa kuyatamka, lakini mimi naona kulalamika pekee hakutoshi. Hadithi za nyanya zetu tuziandike na kuzichora sisi wenyewe. Tunangoja nini?