Hiyo Gemu Haijaharibika

Juzi cuzo yangu alinikuta nikicheza Street Fighter II kwa laptopu. Akasimama nyuma yangu kidogo, akacheka: "Buda, gemu yako imeharibika." Ryu alikuwa hewani akirusha mpira wa moto. Mpira ukapinda, ukamfuata adui. Nikabonyeza Start, na Ryu akageuka mtu mwingine katikati ya raundi.

Haijaharibika. Inaitwa Rainbow Edition. Capcom hawakuitengeneza. Kuna watu walichukua Champion Edition ya 1992, wakabadilisha programu kwenye chipu bila kuomba ruhusa, kisha ikaanza kuenea kwenye kumbi za gemu chini ya maji. Ni vurugu tupu, lakini wachezaji waliipenda kwa sababu ilikuwa na kasi. Desemba mwaka huo huo, Capcom wakatoa Hyper Fighting: kasi imeongezwa, na Ryu sasa anaweza kupiga lile teke lake la kuzunguka akiwa hewani. Yaani feki ndiyo ilisukuma orijino.

Ndiyo maana huwa naskia vibaya mtu akiniuliza, "Si ucheze tu ile ya kawaida?" Ile ya kawaida ilitoka wapi?

Chukua Ms. Pac-Man. Mwaka wa 1981 huko Marekani, Doug Macrae na Kevin Curran walikuwa wameacha chuo cha MIT. (Mimi pia niliacha chuo, lakini bado hakuna kampuni imenipeleka kortini.) Walikuwa wakiuza kibao cha saketi unachochomeka ndani ya mashine ya Missile Command ili iwe ngumu zaidi. Atari wakawashtaki, wakidai dola milioni 15. Kesi ikaisha kwa makubaliano: wasitengeneze tena vibao vya aina hiyo bila ruhusa ya mwenye gemu. Sasa, tayari walikuwa na kingine cha Pac-Man, kinaitwa Crazy Otto, na Pac-Man wa humo ana miguu. Miguu, manze! Wakakipeleka kwa Midway, waliokuwa wakiuza Pac-Man Marekani. Miguu ikatolewa, ribon ikawekwa kichwani, na 1982 dunia ikapata Ms. Pac-Man, moja ya gemu zilizouza sana Marekani.

Ukimwona Otto na miguu yake, unaelewa kitu ambacho Ms. Pac-Man peke yake hawezi kukuambia: kuna watu walikuwa wanajaribu tu.

Sisemi kuiba kazi ya mtu ni sawa. Nyingi ya hizi gemu ni wizi na nyingine ni takataka kabisa, nimezicheza najua. Lakini sisi tuliokulia mtaani na kaseti za "9999 in 1", ambapo gemu ni nane tu zikijirudia kwa majina tofauti, tusijifanye tulikulia kwa orijino.

Na muda unaisha. Gemu nyingi za enzi hizo ziko kwenye chipu zinaitwa EPROM, zenye kidirisha kidogo cha glasi juu. Ile stika iliyobandikwa hapo haikuwa urembo tu. Inazuia mwanga, kwa sababu miale ya jua inaweza kufuta kilicho ndani. Hata ukiifunika vizuri, chaji inavuja polepole miaka ikienda. Tangu 1997 wasee wa MAME wamekuwa wakinakili chipu moja moja, feki kwa orijino, ili gemu zibaki zikichezeka kwa kompyuta. Ile maarufu ina maelfu ya nakala. Ile ya ajabu pengine imebaki moja, kwenye stoo ya mtu anayesubiri kuiuza kama chuma kuukuu.

Kwa hivyo kama kwenu kuna kaseti za zamani kwa sanduku la shosho, usitupe. Nitumie picha kwanza, hata kama inaonekana imeharibika.