Talaka iliyoishia barazani: nani atasimama na mke wa mvuvi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo tutazame jambo ambalo maimamu wa Mwanza, Sengerema na Ukerewe hulikuta mara kwa mara baada ya sala, nalo ni ndoa iliyovunjika nusu. Mume ametamka talaka kwa mdomo, akapanda mtumbwi kwenda kambi ya wavuvi visiwani, wala hakuacha karatasi wala matumizi. Au amekataa kabisa kutoa talaka ilhali wema wote umekwisha kati yao. Mke hubaki mwaloni akianika dagaa, asijue kama ni mke au mtalaka. Hali hiyo ndiyo aliyoikataza Allah (S.W.) katika Suratun-Nisaa, aya ya 129, alipowaonya wanaume wasimwache mke kama kitu kilichotundikwa.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba Mwislamu wa Tanzania Bara anaishi chini ya hukumu mbili kwa wakati mmoja. Kwa sheria ya Kiislamu, talaka ya mume hupita kwa tamko lake likitimiza masharti. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa haivunjiki mbele ya dola mpaka mahakama itoe amri. Wenzetu wa Zanzibar na Kenya wana Mahakama za Kadhi zinazotambuliwa na sheria zao. Sisi wa Bara, kadhi na baraza la BAKWATA hutoa nasaha na usuluhishi, lakini maamuzi yao hayakaziwi na dola. Mwanamke aliyepewa barua ya talaka na baraza, akatimiza eda na kuolewa tena, mbele ya dola bado ni mke wa mtu. Na akitaka mgawanyo wa mali au matunzo ya watoto, barua ile peke yake haitamfikisha popote.

Hata hivyo, sheria hiyo haikuupuuza Uislamu. Kifungu cha 101 kinataka shauri lipite kwanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na hati hiyo ndiyo ufunguo wa mahakama. Kisha kifungu cha 107(3) kinasema kwamba kwa ndoa ya Kiislamu, endapo baada ya hati hiyo mmoja wao amefanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama itatamka kuwa ndoa imevunjika na kutoa amri ya talaka. Utaratibu uliopangwa, basi, ni usuluhishi kwanza, talaka baadaye, na mahakama mwisho. Atakayetafakari ataona mpango huu unafuata Suratun-Nisaa, aya ya 35, inayoamuru wapelekwe waamuzi wawili, mmoja kutoka kwa jamaa wa mume na mwingine kutoka kwa jamaa wa mke. Tabia ya kuropoka talaka kwanza na kutafuta wazee baadaye ndiyo iliyogeuza mpangilio.

Je, mume akikataa kuitika wito wa Baraza? Wengi hudhani shauri limefia hapo. Sivyo. Kifungu hicho hicho cha 101 kinamruhusu mdai kwenda mahakamani bila hati ya Baraza ikiwa mwenzake aliitwa na kukataa kwa makusudi kuhudhuria, au ikiwa amemtelekeza na hajulikani aliko. Kwa mke ambaye mumewe anahama kambi hadi kambi, kifungu hiki ni mlango mpana. Muhimu ni kutunza ushahidi: nakala za wito, tarehe zake, na majina ya mashahidi waliopeleka.

Tuje kwenye mali, maana hapo ndipo ugomvi huwaka. Katika mialo yetu mali nyingi haina hati: mtumbwi, injini, nyavu, taa za kuvulia, na mtaji unaozunguka katika dagaa. Mume husema, "Vyote ni vyangu, mimi ndiye niliyekwenda ziwani." Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, wote wawili Waislamu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Ni kweli kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai, kwa kuwa mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na mumewe na kuzitumia vibaya. Lakini kanuni ilibaki, na imewanufaisha wengi. Mwanamke aliyekausha dagaa kwa miaka 15 na fedha yake ikanunua injini ana hoja yenye nguvu zaidi.

Wapo watakaosema huo ni ugawaji wa kizungu. Na wakumbuke kuwa katika karne ya 16 Ibn Ardun, mwanachuoni wa madhehebu ya Maliki huko Morocco, alitoa fatwa kwamba mwanamke wa milimani aliyefanya kazi pamoja na mumewe ana haki katika kilichochumwa kwa jasho lake. Hiyo ni mbali na kitoka nyumba, ambacho msingi wake ni Suratul-Baqara, aya ya 241.

Kuhusu watoto, sheria inachukulia kwamba aliye chini ya miaka 7 ni bora akae na mama, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Mafaqihi wetu wa Shafi nao humpa mama malezi hadi mtoto afikie umri wa kupambanua. Matunzo, kwa sheria zote mbili, ni juu ya baba.

Sasa, nani atasimama na mwanamke huyu? Mashauri ya ndoa yanaweza kufunguliwa tangu Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Katika Mahakama ya Mwanzo, hakimu anaweza kumruhusu ndugu au mtu wa nyumba moja naye kumsemea, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 mawakili nao wanaruhusiwa pale panapoongozwa na hakimu mkazi. Mwaka huo huo Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama. Asiye na uwezo ana haki ya kutafuta msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyowatambua pia wasaidizi wa kisheria. Hao huelekeza na kuandaa nyaraka, ila si mawakili. Hapa Mwanza lipo shirika la Kivulini, linalotetea haki za wanawake tangu mwaka 1999. Jihadharini na vishoka wanaozunguka mahakamani: kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisheni jina la wakili limo katika orodha ya mawakili inayotunzwa na Mahakama, na daini stakabadhi.

Kuweka wakili si dalili ya uchache wa imani. Vitabu vya fiqhi vina mlango mzima wa uwakala katika mashauri, na imepokewa kuwa Sayyidna Ali (R.A.) alimweka ndugu yake Aqil kumsimamia katika madai. Lakini uwakala una mpaka. Suratun-Nisaa, aya ya 105, inakataza kuwatetea wahaini. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ummu Salama (R.A.), alitahadharisha kwamba huenda mmoja wa wagomvi akawa fasaha zaidi wa hoja, akahukumiwa haki ya nduguye, naye kumbe amekatiwa kipande cha moto. Mume anayeficha injini kwa shemeji na mke anayebuni vipigo ambavyo havikutokea wasome hadithi hiyo kabla ya kula kiapo.

Maimamu na wazee wa misikiti nao wana jukumu. Anayesimamia talaka aiandike, aweke tarehe na mashahidi, kama Suratut-Talaq, aya ya 2, inavyoagiza. Awaelekeze wahusika kwenye Baraza na mahakama badala ya kuwaambia yamekwisha. Na asimwambie mwanamke anayedhulumiwa asubiri tu, kwani aya ya 231 ya Suratul-Baqara imekataza kumzuia mke kwa kumdhuru. Mwanamke aliyevuka kwa kivuko kutoka Nansio kufuata haki yake amekwisha kusubiri vya kutosha.

Tunamwomba Allah (S.W.) azipatanishe nyumba zinazopatanika, na zile zisizopatanika aziachanishe kwa wema. Wabillahi tawfiq.