LAPTOP KWA BAJETI NDOGO: NUNUA KWA HAJA, USINUNUE KWA JINA

Bismillahi Rahmani Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, maswahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad.

Ndugu zangu, tangu Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maswali ya aina moja yamekuwa mengi: "Sheikh, kompyuta yangu mpakato imezeeka, nina laki tano tu, nifanyeje?" Anauliza mwalimu wa shule ya msingi, anauliza kijana wa chuo ambaye mzazi wake ameuza mbuzi ili apate ada, anauliza dada mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa nakala. Wapo wanaoshangaa swali hili kuletwa kwa mtu wa darsa. Mimi sishangai. Kununua na kuuza ni mlango mzima katika vitabu vya fiqhi, na mali ina maswali mawili mbele ya Allah: ilikotoka na ilikokwenda. Laki tano ya mnyonge inaulizwa kama milioni hamsini ya tajiri.

Rai yangu naitoa mapema, kisha nieleze. Kwa mwenye bajeti finyu, laptop ya ofisi iliyotumika, iliyokaguliwa na kupewa siku za majaribio, ni bora kuliko mpya ya bei rahisi. Na zote mbili ni bora kuliko ya kifahari iliyonunuliwa kwa mkopo wa riba.

*KWANZA: IJUE HAJA YAKO*

Chukua karatasi, andika kazi unazofanya kila siku. Kuandika barua na maandalio ya somo, kujaza matokeo kwenye Excel, kusoma PDF, kuhudhuria darasa la Zoom: kazi hizi hazihitaji mashine ya milioni mbili. Anayehariri video au kuchora ramani za majengo ana hesabu nyingine, naye anunue kwa kiasi cha kazi yake. Wengi wetu tunaouliza hatuko huko.

Tatizo ni kwamba kijana hanunui kompyuta, ananunua macho ya wenzake. Anataka lile tufaha lililong'atwa lionekane akikaa maktaba. Katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, Allah anawasifu waja wake ambao matumizi yao yako katikati, hawafuji wala hawabani. Tumezoea kuisoma aya hii upande wa ufujaji tu. Upande wa pili nao upo: kubana kupita kiasi mpaka ukanunua kitu kisichofanya kazi. Wahenga wetu wa pwani wamesema, rahisi huvunja upishi. Ukinunua ya laki mbili ikafa baada ya miezi miwili, hujabana matumizi, umepoteza laki mbili.

*PILI: TENGENEZA KABLA YA KUBADILISHA*

Kabla hujaingia dukani, muulize fundi swali hili: kompyuta yangu ina diski ya kuzunguka au SSD? Kama ni ile ya kuzunguka, huenda uzito unaoulalamikia unatoka hapo. Badilisha uweke SSD, na kama ina nafasi ongeza RAM ifike GB 8. Mashine iliyokuwa inachukua dakika kadhaa kuwaka itawaka kwa sekunde. Lakini uliza kwanza, kwani kuna laptop ambazo RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, haiongezeki.

Na kama ni ya zamani kiasi kwamba Windows 11 haiikubali, bado si lazima itupwe. Kuna Linux Mint na LibreOffice, zote ni bure na halali. Mwenye kuandika na kusoma tu zinamtosha. Neema iliyoko mkononi ikitunzwa nayo ni shukrani.

Ila kama bodi kuu imeungua, au gharama ya matengenezo inakaribia bei ya nyingine, hapo badilisha. Usimtese fundi wala mfuko wako.

*TATU: YA OFISI ILIYOTUMIKA AU MPYA YA RAHISI?*

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Laptop mpya za bei ya chini kabisa mara nyingi zina prosesa ya Celeron, RAM GB 4 na hifadhi ya GB 64 aina ya eMMC. Windows peke yake inakula zaidi ya GB 20 za hifadhi hiyo. Boksi linanukia upya, lakini baada ya muda mfupi mashine inakuwa kama punda aliyebebeshwa magunia kumi.

Upande wa pili kuna Lenovo ThinkPad, Dell Latitude na HP EliteBook zilizotumika, zinazoletwa kutoka Ulaya, Marekani na Dubai. Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni. Kampuni hubadilisha mashine zake kila baada ya miaka michache, hata kama bado ni nzima. Kibodi zake ni imara, nyingi zinafunguka kwa bisibisi, na vipuri vyake vinapatikana. Kwa pesa ileile ya mpya dhaifu, mara nyingi unapata mashine yenye nguvu zaidi.

Mpangilio wangu wa vipaumbele ni huu:

1. SSD, GB 256 inatosha kwa wengi.
2. RAM GB 8. Ielewe hivi: SSD ni kabati, RAM ni meza. Meza ikiwa ndogo, kila saa unarudisha vitu kabatini.
3. Prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa sababu Windows 11 rasmi inaanzia hapo.
4. Hali ya betri, kioo na bawaba.

Kwenye prosesa kuna hila ya kuijua. Muuzaji atakwambia, "Hii Core i7, bosi wangu!" Mwambie, sawa, ya kizazi cha ngapi? Tazama namba inayofuata baada ya kistari. i7-7500U ni ya kizazi cha 7. i5-8250U ni ya kizazi cha 8. i5-1135G7 ni ya kizazi cha 11. Sasa zingatia: ile i5-8250U ina viini vinne vya kufanyia kazi, na ile i7-7500U ina viwili tu. Aliyelipa zaidi kwa sababu ya jina "i7" amechukua kilicho dhaifu, na Windows 11 haimkubali rasmi. Hayo ndiyo madhara ya kununua jina.

Na usimalize pesa yote dukani. Kama una laki tano, tafuta ya laki nne, nyingine iwe akiba ya betri au chaji. Kitu kilichotumika huja na dai lake.

*NNE: KAGUA KWA MKONO WAKO*

Zama za Jahiliya kulikuwa na biashara iliyoitwa mulamasa. Mtu anagusa nguo iliyokunjwa, na kule kugusa ndiko mauzo, hakuna kuifunua wala kuitazama. Mtume (S.A.W.) akaikataza kwa sababu ya ujinga na hadaa iliyomo. Leo mtu anaingia duka la Kariakoo, Darajani au Luthuli, anapapasa mgongo wa laptop, anaona inang'aa, analipa. Nguo imebadilika tu.

Usione haya, kaa chini ufanye haya:

- Chomoa chaji, uone kama inabaki imewaka.
- Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport. Itatengeneza ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ilikuwa 50,000 na sasa inajaa 25,000, nusu ya betri imeshakwenda.
- Bonyeza kila kitufe cha kibodi, kimoja kimoja.
- Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB. Jaribu Wi-Fi, kamera, spika na maikrofoni.
- Fungua ukurasa mweupe ujaze kioo chote, utafute madoa na mistari.
- Fungua na funga kifuniko, usikilize bawaba.
- Izime, iwashe, uingie kwenye BIOS. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache.
- Ikianza upya ikadai barua pepe ya kampuni fulani, iache pia. Huenda bado iko chini ya mamlaka ya wenyewe.

Kuhusu hilo la mwisho, nasema kwa uwazi: laptop inayouzwa uchochoroni kwa bei ya kutupa, haina chaji, na muuzaji ana haraka, hiyo harufu yake unaisikia. Usinunue chozi la mwenzako aliyevunjiwa dirisha la gari, kisha ukaifungua Qur'ani ndani yake ukitarajia baraka.

*TANO: USIISAHAU HAKI YAKO YA KURUDISHA*

Sheria yetu imekupa khiyari, nayo ni haki, si hisani ya muuzaji.

Ya kwanza ni khiyari ya kikao: maadamu hamjaachana hapo mlipouziana, kila mmoja anaweza kubadili mawazo.

Ya pili ni khiyari ya sharti: mnakubaliana muda wa kujaribu, na katika madhehebu ya Imamu Shafi (R.A.), ambayo wengi wetu tunayafuata, muda huo hauzidi siku tatu. Alikuwepo swahaba aliyekuwa akipunjwa sana sokoni. Mtume (S.A.W.) hakumkataza kununua, bali alimwelekeza ashurutishe kwa maneno, papo hapo, kwamba hakuna kuhadaana. Basi nawe sema mbele ya mizani: "Naichukua kwa sharti la siku tatu." Iandikwe kwenye risiti, pamoja na namba ya mashine.

Ya tatu ni khiyari ya kasoro: ukigundua kasoro iliyokuwepo kabla hujanunua, una haki ya kurudisha. Lakini Mashafi wanasema urudishe mara moja. Ukishaijua kasoro kisha ukaendelea kuitumia wiki nzima, haki yako imeanguka. Usije baada ya kumaliza mitihani ukasema betri mbovu.

Na lile tangazo la "mali ikiuzwa hairudishwi" halihalalishi kasoro ambayo muuzaji aliijua akaificha.

*SITA: MKOPO*

Ikiwa pesa haitoshi, usikimbilie mikopo ya kwenye simu yenye nyongeza. Hiyo ni riba, na haja ya kupendeza darasani haiihalalishi. Njia zipo. Kopa kwa ndugu mkopo mwema usio na nyongeza. Ingieni mchezo wa upatu ambao kila mtu anapokea alichotoa, bila ziada. Au nunua kwa awamu kwa muuzaji mwenyewe: akikwambia laki tano taslimu au laki sita kwa miezi sita, wanachuoni wengi wanaruhusu, kwa masharti mawili. Mchague bei moja kabla ya kuachana, na bei hiyo isiongezeke hata kidogo ukichelewa. Kisha andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Al-Baqara, imekuja kutufundisha kuandika deni. Sisi tunaona aibu kumwandikisha rafiki.

*SABA: NENO KWA WAUZAJI NA MAFUNDI*

Ndugu yangu mfanyabiashara, unakijua kisa cha muuza nafaka. Mtume (S.A.W.) alipitisha mkono ndani ya rundo lake, vidole vikakutana na unyevu uliofichwa chini, na akamkemea kwa nini hakuiweka juu watu waione. Nafaka iliyolowa ya zama zetu ni betri iliyokufa, ni kioo chenye doa ulilolificha kwa picha nyeusi, ni i5 ya kizazi cha 3 uliyobandika stika mpya. Iweke juu. Sema, "Hii betri yake haikai saa moja, ndiyo maana bei iko chini." Utashangaa ni wangapi watanunua na watarudi.

Na wewe unayejifanya mteja ili mgeni aharakishe, hiyo ni najash, imekatazwa. Na wewe fundi unayepelekwa kushauri, kisha nyuma ya mlango unapokea chako kwa mwenye duka, ujue aliyekuomba ushauri amekupa amana. Mwambie malipo yako waziwazi, uyachukue kwake, umshauri kwa haki.

*NANE: ILE YA ZAMANI*

Kabla hujaiuza au kuigawa, kumbuka ndani yake mna picha za mkeo na binti zako, na barua za watu. Kufuta kwa kawaida hakutoshi, picha hurudishwa. Mwambie fundi asafishe diski yote mbele yako, au itoe ubaki nayo. Na ukitaka kuitoa sadaka madrasa, toa inayofanya kazi. Usiwape watoto wa Qur'ani takataka yako ukaiita sadaka.

Ndugu zangu, chombo hiki kinaweza kuwa hoja yako au hoja dhidi yako. Laptop ya laki nne iliyonunuliwa kwa halali, ikaandikia somo, ikalea familia, ina baraka kuliko ya milioni tatu inayolipiwa riba na kutumika usiku kutazama machafu.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu, wape wauzaji wetu ukweli na wanunuzi wetu busara, na utie baraka katika kichache chetu. Aamin.

Mfikishie na mwingine anayejiandaa kununua. Anayeonyesha kheri ana fungu lake.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiiq.