Benki, Mpira na Mkopo wa Mama



Tangu mwaka 2021 ligi kubwa ya mpira ya nchi yetu yaitwa kwa jina la benki: Ligi Kuu ya NBC. Vijana wetu hapa Ilomba hulitaja jina hilo kila siku, hata wale ambao hawajapata kukanyaga mlango wa benki. Labda nawe umejiuliza: benki yatafuta nini uwanjani?

Wazee wanaijua NBC tangu mwaka 1967, serikali ilipozitaifisha benki baada ya Azimio la Arusha. Mwaka 1997 iligawanywa, ndipo ikazaliwa NMB, iliyopewa matawi mengi ya wilayani. Fedha za udhamini zina kazi yake. Timu ya Mbeya ikienda kucheza Bukoba, safari ni ndefu, na wachezaji wahitaji kula na kulala. Timu isiyo na tajiri yatafika vipi pasipo mdhamini?

Tena kuna mbio. CRDB ilianzisha mbio zake mwaka 2020, na fedha zake zimesaidia watoto kupasuliwa moyo katika Taasisi ya Jakaya Kikwete. Mbio za NMB zimechangia matibabu ya akina mama wenye fistula katika hospitali ya CCBRT. Hayo ni mema, na mtenda mema asinyimwe shukrani.

Lakini tusidanganyane. Benki haiandiki jina lake uwanjani kwa sadaka tu. Yataka tuizoee, kisha tuingie mlangoni. Si kosa, hata mwuza maparachichi huita wateja. Swali letu ni hili: mama wa kijijini akiisha kuingia, atapata nini?

Zamani alipata jibu moja: “Lete dhamana.” Naye shamba ni la ukoo, nyumba ni ya mume, hati hana. Huko Bangladesh, mwaka 1976, mwalimu mmoja aitwaye Muhammad Yunus aliwakopesha maskini 42 wa kijiji cha Jobra jumla ya dola 27 tu. Kutokana na mbegu hiyo ilitokea benki ya Grameen, ambayo mwaka 2006 ilipata Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja naye. Siri yake ni kikundi. Wanawake wachache wanaofahamiana wanakopa, wanakutana kila juma, wanarejesha kidogo kidogo. Dhamana yao ni kuaminiana.

Kwetu pia njia hiyo ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi kama vicoba, mradi viandikishwe. Mwaka 2023 taasisi ya CRDB ilianzisha Imbeju, maana yake mbegu, ili kuwapa mtaji wanawake na vijana.

Basi, kwa nini bado tunawaona akina mama wakijificha kwa madeni? Kwa sababu wengi hawakopi huko. Wanakopa kwa wale tunaowaita kausha damu. Hebu tupige hesabu. Mama anaandikiwa shilingi 100,000, anakatwa 10,000 ya fomu, anapewa 90,000. Kisha alipe 5,000 kila siku kwa siku 26. Jumla amelipa 130,000! Shilingi 40,000 zimekwenda bure katika muda usiotimia mwezi. Lakini Benki Kuu imewaagiza wakopeshaji wadogo wenye leseni wasizidishe riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 100,000 hiyo ni shilingi 3,500. Siku asipolipa, wanachukua masufuria, godoro, hata redio. Watoto wanatazama.

Kwa hiyo, kabla ya kutia kidole gumba, ulizeni mambo manne. Kwanza, mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu? Pili, nitapewa shilingi ngapi mkononi, na nitarudisha ngapi kwa jumla? Tatu, mwenzetu akishindwa, kikundi kitalipaje? Nne, fedha hii itazaa nini? Mkopo wa mbolea huweza kujilipa wakati wa mavuno. Mkopo wa sherehe haujilipi kamwe. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Nanyi akina baba, msimwachie mama deni peke yake, wala msimnyang'anye fedha ya kikundi.

Jambo moja zaidi. Jina kubwa si kinga, wala jirani si kinga. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi ya Njombe, jirani zetu kabisa. Bodi ya Bima ya Amana huwarudishia wenye akiba hadi kiwango cha sheria. Bali fedha iliyowekwa kwa mtu asiye na leseni haina bima.

Basi, vijana, shangilieni mpira. Lakini mkirudi nyumbani, mwombeni mama daftari lake la mkopo, mkae naye mezani, mjumlishe pamoja. Nyinyi mmesoma hesabu, itumieni hapo.

Tuonane juma lijalo.