Mama Asiachwe Peke Yake Saa ya Uchungu

Vijitabu vya Haki na Amani vimezoea kuzungumzia ardhi, mipaka ya vijiji, ugomvi wa wakulima na wafugaji, na rushwa. Katika bonde la Kilombero mambo hayo hayajakwisha, nasi tutayarudia. Mara hii, hata hivyo, tunapenda kuzungumzia haki moja ambayo haijapata kufikishwa barazani wala mahakamani, kwa sababu mwenye kudhulumiwa huwa na maumivu makali saa ile, na akishapona ana mtoto wa kunyonyesha. Ni haki ya mwanamke anayejifungua hospitalini kuwa na mtu wake karibu.

Jambo hili lilisikika duniani wakati wa korona. Mwishoni mwa Machi 2020 baadhi ya hospitali kubwa za jiji la New York zilipiga marufuku mtu yeyote kuingia na mama katika chumba cha kujifungulia, hata mume. Malalamiko yakawa makubwa, na kabla ya mwezi huo kwisha serikali ya jimbo iliamuru kila mama aruhusiwe mtu mmoja. Kwa majirani zetu taabu ilianzia njiani. Nchini Uganda magari ya watu binafsi yalizuiwa kutembea, na kwa majuma kadhaa mjamzito alitakiwa kupata kibali cha mwakilishi wa Rais wilayani ndipo asafirishwe. Nchini Kenya amri ya kutotoka nje usiku, iliyoanza tarehe 27 Machi 2020, iliwakuta wanawake ambao uchungu haukusubiri mapambazuko. Shirika la Afya Duniani lilitamka waziwazi katika mwaka huohuo kwamba kila mwanamke, awe ameambukizwa au hakuambukizwa, anastahili kujifungua akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe.

Na kwetu? Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Hatukufungiwa ndani kama wenzetu, makanisa na misikiti iliendelea kuwa wazi, na baada ya tarehe 29 Aprili takwimu zilikoma kutolewa kwa muda wa zaidi ya mwaka. Lakini milangoni mwa wodi palibandikwa karatasi za kuzuia ndugu, na askari wa lango akapewa kazi ya kuzisimamia. Wengi walidhani korona ndiyo iliyomtenga mama na watu wake. Sisi tunasema sivyo. Katika vyumba vingi vya kujifungulia nchini mwetu mama alikuwa peke yake tangu zamani. Kwa mlango uliokuwa umefungwa siku zote, korona ilileta sababu mpya ya kuufunga, sababu yenye heshima zaidi kuliko zile za awali.

Anayelijua bonde letu anajua mama huyo anatoka wapi. Anatoka Mlimba au Mngeta, au ng'ambo ya mto, Lupiro na Malinyi. Wakati wa masika familia nyingi zinaishi kwenye mashamba ya mpunga, mbali na kijiji, na barabara inakuwa tope. Daraja la mto Kilombero lililozinduliwa mwaka 2018 limetuondolea hofu ya pantoni, ambayo Januari 2016 ilizama na watu. Tunashukuru sana kwa hilo. Lakini daraja halifupishi mwendo wa bodaboda kutoka shambani hadi barabara kuu. Mama huyo hasafiri peke yake. Anakuja na mama yake mzazi, au mama mkwe, au shangazi, au wifi. Huyo ndiye aliyebeba beseni, kanga, sabuni na fedha zilizofungwa kwenye pindo la nguo. Amekaa naye usiku kucha. Wanafika langoni pamoja, na hapo wanatenganishwa. Mmoja anaingia, mwingine anakaa chini ya mti.

Tena tuangalie jinsi hospitali inavyomtumia huyu aliyebaki chini ya mti. Anatumwa kununua glavu. Anatumwa duka la dawa. Anapika uji, anafua kanga zenye damu, na ikihitajika damu yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Kwa hayo yote ni mtu wa lazima. Kwa jambo moja tu, yaani kumshika binti yake mkono saa nane za usiku, anahesabiwa kuwa mtu wa kuleta fujo na maambukizi. Mantiki ya jambo hili imetushinda kuielewa.

Katika nchi za Ulaya na Marekani yuko mwanamke ambaye kazi yake ni kukaa na mama wakati wa uchungu. Hazalishi wala hatoi dawa, bali anamsugua mgongo, anampa maji, anamtembeza, anamwita mkunga hali ikibadilika. Wanamwita dula, neno la Kiyunani lenye maana ya mtumishi wa kike. Waliosoma Agano Jipya kwa lugha yake ya asili watalikumbuka, kwani ndilo Mwinjili Luka alilolitumia pale Bikira Maria alipojiita mjakazi, muda mfupi kabla hajakwenda milimani kwa Elizabeti, mjamzito wa uzeeni, na kukaa naye kama miezi mitatu. Hatuna haja ya kuagiza dula kutoka ng'ambo. Tunaye chini ya mti, na hadai mshahara.

Wala si suala la huruma tu. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio 26 yaliyofanyika katika nchi 17, yakihusu wanawake zaidi ya 15,000, wakalinganisha waliokuwa na mtu wa kuwasaidia mfululizo na wale waliopata huduma ya kawaida. Wenye mtu wao walijifungua kwa njia ya kawaida mara nyingi zaidi, uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo, na waliofanyiwa upasuaji walikuwa wachache zaidi. Moja ya majaribio hayo lilifanyika Botswana, likachapishwa mwaka 1999. Msaidizi alikuwa ndugu wa kike wa mama mwenyewe, mtu wa kawaida kabisa. Mkoani Kigoma, kuanzia mwaka 2016, shirika la Thamini Uhai lililianzisha jambo hili katika vituo kadhaa vya serikali, vyenye wauguzi wachache na vyumba vidogo kama vyetu, na likawezekana.

Tumesikiliza pia upande wa wauguzi, nasi tunaona kwamba hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ni chumba. Vitanda vinne au sita vimepangwa bila kitu cha kuvitenganisha, na mama mkwe wa huyu atamwona uchi binti wa yule. Akiwa mume ndiye anayeingia, ndiyo zaidi. Ya pili ni dawa za kienyeji. Kuna wanaoingiza kwa siri majani ya kuongeza uchungu, na mkunga anajikuta na kizazi kinachopasuka bila kujua kilichosababisha. Ya tatu ni uchovu: muuguzi mmoja na akina mama wengi kwa zamu moja ya usiku, halafu na ndugu sita wa kuwajibu maswali. Katika miaka ya 2020 na 2021 iliongezeka ya nne, nayo ilikuwa nzito, kwani wahudumu wenyewe waliugua na wengine walikufa, tena wakati ambapo kuutaja ugonjwa huo hadharani kulihitaji ujasiri. Maaskofu wetu walipotoa tahadhari Januari 2021, wapo walioona wanaleta hofu. Muuguzi aliyefunga mlango siku zile alikuwa akijilinda kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Lakini iko hoja ya tano, ambayo haisemwi kwa sauti: mtu wa pili chumbani ni shahidi. Katika wilaya za Korogwe na Muheza watafiti waliwauliza wanawake kama walitendewa vibaya walipokuwa wakijifungua. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, karibu asilimia 19 walisema ndiyo. Baadhi yao walipoulizwa tena nyumbani baada ya majuma machache, waliosema ndiyo walifika asilimia 28. Yaani hofu ilikuwa bado imewashika wengine walipokuwa katika uzio wa kituo. Matusi na makofi hayafanyiki kirahisi mbele ya shangazi wa mtu. Tena shahidi humlinda hata muuguzi mwema, kwa sababu mtoto akifariki licha ya juhudi zote, yuko mtu wa ukoo aliyeona juhudi hizo kwa macho yake, na maneno ya mtaani yanapungua.

Kwa mama maskini jambo hili ni zito zaidi. Mtafiti Sydney Spangler, aliyefanya kazi yake humuhumu katika bonde la Kilombero na kuichapisha mwaka 2011, alionyesha jinsi umaskini wa mwanamke unavyofunuliwa anapokwenda kujifungua hospitalini, na jinsi aibu hiyo inavyopima nani aende na nani abaki nyumbani. Mwenye kanga mpya na vifaa kamili hupokelewa kwa namna moja, mwenye kanga iliyochanika kwa namna nyingine. Mtu wake akiwa pembeni, walau aibu hiyo haibebi peke yake.

Tukumbuke kwamba Serikali na sisi viongozi wa dini tumewahimiza akina mama kwa miaka mingi waache kujifungulia nyumbani, nao wametuitikia. Waliojifungulia katika vituo vya afya nchini walikuwa asilimia 63 katika utafiti wa taifa wa 2015/16, na walifika asilimia 81 katika ule wa 2022. Katika kipindi hicho vifo vya akina mama vilivyokadiriwa vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hayo ni mafanikio makubwa, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Lakini mama aliyekubali kuondoka katika nyumba iliyojaa wanawake wanaomjua alikubali kufuata usalama. Hakuna aliyemwambia kwamba upweke ni sehemu ya bei yake.

Dharura ya korona ilitangazwa kwisha duniani tarehe 5 Mei 2023. Makatazo, kama tujuavyo, huishi kuliko ugonjwa ulioyaleta. Tena mlipuko mwingine haukukawia: Marburg ilitangazwa mkoani Kagera Machi 2023, na tena Januari 2025. Hapa tuseme kwa uangalifu. Ugonjwa kama Marburg huambukizwa kwa damu na majimaji ya mwili, na kumwingiza ndugu kwa mama aliyeambukizwa ni kumtia hatarini. Daktari akikataa, tumtii. Tunachokipinga ni katazo la jumla, linalobandikwa mlangoni kwa kila mama kwa sababu kuna ugonjwa mahali fulani nchini, na ambalo hakuna anayejua litaondolewa lini wala na nani.

Kwa hiyo tunaomba utaratibu uandikwe sasa, mapema, na si siku ambayo kila mtu ana hofu. Mama achague mtu mmoja, amtaje tangu kliniki, na jina liandikwe kwenye kadi yake. Mtu huyo afundishwe siku ya kliniki yale anayoruhusiwa na yale asiyoruhusiwa, la dawa za kienyeji likiwa la kwanza. Wakati wa maradhi ya kuambukiza avae barakoa, anawe, abaki yeye yule bila kupokezana, na akiwa na homa nafasi yake ichukuliwe na mwingine. Mkunga wa jadi aliyemleta mama aruhusiwe kuwa ndiye, iwapo mama anamtaka. Ni afadhali ujuzi wake utumike mbele ya macho ya muuguzi kuliko gizani. Wadau wa kuandika utaratibu huo wapo: kamati za usimamizi za zahanati na vituo, bodi za hospitali, halmashauri zetu. Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara ni ya Jimbo, hivyo ombi hili tunalielekeza kwanza kwetu wenyewe kabla ya kulipeleka kwa Serikali.

Kuhusu chumba kisicho na faragha, tumewaomba akina mama wa WAWATA katika parokia walitazame. Kinachotakiwa ni waya, pete, na vitambaa vinavyoweza kufuliwa kwa maji ya moto. Mafundi cherehani wa soko la Ifakara wanaweza kushona mapazia ya wodi nzima kwa siku mbili au tatu, na vipimo vya vitanda vinaweza kuchukuliwa wiki hii.