Gari Kukwama Si Ajali, Ajali Mnaitengeneza Wenyewe

Leo sizungumzii mbegu wala mbolea. Jambo hili nimekaa nalo tangu mwezi wa tano mwaka jana, na nikilinyamazia masika hii tena, nitakuwa nimeshiriki.

Mliokuwepo siku ile mnajua. Fuso la mpunga lilikwama kwenye kipande cha mbuga kabla ya daraja, matairi ya nyuma yamezama hadi difu ikalala kwenye tope. Likaitwa trekta. Kamba ikafungwa kwenye bampa la mbele, kwa sababu ndoano ya kuvutia ilikuwa imefukiwa na tope na hakuna aliyetaka kuchimba. Watu zaidi ya ishirini wamelizunguka gari, watoto wamesimama pembeni ya kamba wanashangilia. Dereva wa trekta akarudi nyuma kidogo, kamba ikalegea, kisha akaondoka kwa kasi. Kamba haikukatika. Kilichong'oka ni bampa, likaruka na kumpiga kijana aliyesimama kati ya trekta na gari. Mguu ulivunjika chini ya goti. Mpaka leo anatembea kwa gongo, na palizi ya shamba lake mwaka huu amefanya mama yake.

Mzigo wenyewe ulikuwa mpunga! Mpunga hauozi kwa kulala njiani usiku mmoja chini ya turubai. Sasa haraka ile ilikuwa ya nini? Tajiri alikuwa anapiga simu kutoka mjini kila dakika kumi.

Najua mtasema, kama mlivyosema siku ile, "Bwana shamba, wewe kaa na mahindi yako, mambo ya magari waachie madereva." Ningewaachia kama wanaoumia wangekuwa madereva. Dereva yuko ndani ya kabati. Wanaoumia ni vijana wanaoitwa kusukuma kwa shilingi elfu mbili, watoto waliokuja kutazama, na wakulima wenye matrekta ambao hawajui kusema hapana.

Gari lililokwama limetulia, halimdhuru mtu. Isipokuwa limekwama ndani ya korongo au kwenye kivuko cha mto. Hapo mvua inaweza kuwa imenyesha milimani huku kwenu jua linawaka, na maji yakaja ghafla. Washushe watu wote, pandeni ukingoni, gari liacheni hapo hapo. Lakini kwenye tope la kawaida, hatari yote inaletwa na sisi wenyewe.

Udongo wa mbuga mnaujua kuliko mimi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, ukilowa unavimba, unanata na kuteleza. Tairi likizunguka bila gari kusogea, tope linajaza kashata na tairi linakuwa laini kabisa. Kila mzunguko baada ya hapo unachimba shimo lako mwenyewe. Kwa hiyo gari likiacha kusogea, toa mguu kwenye mafuta. Dereva anayeendelea kuunguruma huku matope yanaruka hadi kwenye turubai anawaongezea saa mbili za kuchimba.

Kisha shusha mzigo. Hapa ndipo ugomvi wangu na wafanyabiashara ulipo. Canter ya tani nne mnaipakia magunia 60. Hata yangekuwa ya kilo 100 kila moja, ni tani sita. Lakini ni lumbesa, lina kilemba juu, wanaume wawili hawaliwezi. Sheria ya vipimo imeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia, na mimi nimezoea kuitaja nikimtetea mkulima anayepunjwa. Kwenye tope inamtetea hata mfanyabiashara. Likikwama gari la lumbesa hakuna anayetaka kushusha, ndiyo maana mnakimbilia kamba.

Mkishashusha, chimbeni. Toeni tope mbele ya matairi, tengenezeni mteremko mrefu, si shimo la wima. Toeni tope chini ya difu na ekseli, maana gari likiwa limekalia tumbo hakuna tairi litakalolisaidia. Nyoosheni matairi ya mbele. Tandikeni mawe, matawi, mbao au magunia makuukuu, yaingie chini ya tairi kabisa, si kurushwa mbele yake tu. Watu wasisimame nyuma ya tairi, kwa sababu ubao ukiteleza unaruka kama jiwe la manati. Mkitumia jeki iwekeni juu ya ubao mpana, na asiingie mtu chini ya gari linalosimama kwa jeki. Halafu gia nzito, mafuta kidogo, klachi taratibu. Mara nyingi jaribuni kutoka kinyumenyume, kwa njia mliyoingilia, kwa kuwa matairi yamekwisha kuishindilia.

Magari mengi yanatoka hapo bila kuvutwa. Nimeyaona, na yanachosha, ndiyo.

Ikibidi kuvuta, fungeni kwenye ndoano iliyoshikana na chasisi. Kama imefukiwa, ifukueni. Si bampa, si kwenye springi. Kamba ya manila inavutika kama mpira na ikikatika inarudi na nguvu zote ilizozibeba. Mnyororo hauvutiki, lakini pingili yake ikikatika inaruka kama risasi. Tupieni magunia mazito yaliyolowa katikati ya kamba, yanapunguza kuruka kwake ingawa hayaondoi hatari. Kamba ikiwa na mita kumi, watu wakae si chini ya mita 15, pembeni kabisa, si kwenye mstari wa kamba. Asivuke mtu kamba iliyokaza. Wasukumaji waondoke wote kabla ya kuvuta, mchague mmoja wa kutoa ishara, na kamba ikazwe polepole kwanza. Ile ya kurudi nyuma na kuondoka kwa kishindo ndiyo iliyong'oa bampa.

Wenye matrekta, nyie ndio mnaonikosesha usingizi. Kamba ifungwe kwenye chuma cha chini cha kukokotea tu. Mkiifunga juu, pale pa kufungia mkono wa juu wa jembe, au kwenye ekseli, trekta likishindwa kwenda mbele linainua pua na kupinduka nyuma, juu yako uliyekaa. Hupati muda wa kukanyaga klachi. Na trekta lenyewe likikwama, msifunge magogo kwenye matairi ya nyuma ili yapande. Gogo likigota ardhini tairi halizunguki tena, na nguvu ya injini inainua trekta zima. Toka kinyumenyume, au tafuta trekta la pili.

Mtaniambia tatizo ni barabara. Kweli barabara ni mbaya, na kwenye vikao nitaendelea kusema. Lakini barabara haikufunga kamba kwenye bampa. Tena kipande kile cha kabla ya daraja kilikuwa na mtaro. Mmoja wetu amelima mpunga hadi ndani yake, maji yamekosa pa kwenda yanalala barabarani. Jina silitaji, anasoma hapa.

Wewe tajiri, kwenye gari lako weka koleo mbili, jembe, panga, mbao nene mbili, magunia matupu kumi na kamba nzima ya kuvutia, si ile yenye mafundo matatu. Mwambie utingo avikague kabla gari halijaondoka. Na dereva akikupigia kwamba amekwama, muulize kama watu wote wamekaa mbali na kamba, kisha kata simu mwache afanye kazi.

Jumamosi ni mnada na mvua ya juzi haijakauka. Mimi nitapita pale mbugani asubuhi na pikipiki. Nikikuta kamba kwenye bampa nitaifungua, mnitukane mkitaka.