Sisi Tunaishi kwa Mechi Moja, Wenzetu Wanaishi kwa Msimu

Samahani wadau kwa ukimya wa wiki mbili. Kazi ya gazeti haina Jumamosi wala Jumapili. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira ya kriketi. Usifunge ukurasa! Hata kama hujui wiketi ni mdudu gani, subiri kidogo, maana hadithi hii inatuhusu sote tunaopenda kujengewa sanamu kabla ya kujengewa msingi.

Wiki iliyopita nilimpelekea mhariri wa michezo wazo. Nikamwambia, mzee, nataka kuandika kuhusu msimu wa 2017/18, ule wa kwanza wa kriketi ya daraja la kwanza ya kanda za Afghanistan, na kwa nini sisi Kenya hatujawahi kuwa na msimu kama huo hata mmoja. Akanitazama kama niliyemwomba ruhusa ya kuandika utabiri wa hali ya hewa mwezini.

"Kijana, kama ni kriketi niletee 2003. Wakongwe wa 2003 watu watasoma."

Basi makala imekuja hapa, ambapo mhariri ni mimi mwenyewe.

2003! Mwaka huo nilikuwa mtoto mdogo sijui kufunga viatu, lakini naijua nusu fainali ile kama niliyekuwa Durban. Baba alinisimulia, mjomba akanisimulia, mwalimu wa michezo akamalizia. Najua kwamba tarehe 24 Februari, Collins Obuya aliangusha wiketi tano za Sri Lanka kwa mikimbio 24, hapa hapa Nairobi. Najua New Zealand walikataa kuja wakihofia usalama, tukapewa pointi. Najua tuliwapiga Bangladesh na Zimbabwe, kisha India wakatutoa kwa mikimbio 91 tarehe 20 Machi. Ni hadithi tamu, sikatai. Ubaya wake ni kwamba tumeila miaka yote hii kama chakula, na haishibishi.

Hebu tuelewane kwanza. Kriketi ya daraja la kwanza ni ile ya siku tatu au zaidi, kila timu ikipewa nafasi ya kupiga mara mbili, na mashindano yenyewe yakitambuliwa rasmi. Haina ngoma wala fataki. Mara nyingi watazamaji ni wachache kuliko wachezaji. Lakini ndiyo shule. Kwenye ova 20 mrushaji akibana mikimbio tu anasifiwa. Kwenye siku nne, asipowatoa wapigaji wote mara mbili, hashindi. Mpigaji analala akiwa na mikimbio 40, anaamka asubuhi na kuanza upya na mpira uleule unaomtafuta. Siku ya nne uwanja umepasuka, mpira unageuka kama nyoka, na hapo ndipo kapteni anajulikana kama ni kapteni au amevaa kofia tu.

Sasa tazama Afghanistan. Mwaka 2008 walikuwa wanaanzia daraja la tano la dunia, huko Jersey. Sisi wakati huo tulikuwa na hadhi ya kimataifa ya siku moja, tukijiita wakubwa. Februari 2017 mashindano yao ya ndani yakapewa hadhi ya daraja la kwanza. Juni mwaka huohuo nchi ikaruhusiwa kucheza Testi. Septemba 2017 mlipuko wa kujitoa mhanga karibu na uwanja wa kriketi wa Kabul uliua watu wakati wa ligi ya ova 20. Oktoba, mwezi mmoja baadaye, msimu wa siku nne ukaanza!

Ulikuwa na timu tano za kanda: Amo, Band-e-Amir, Boost, Mis Ainak na Speen Ghar. Ukisikiliza majina hayo utasikia mto, maziwa, mji wa kale na mlima. Mashindano yenyewe yalipewa jina la Ahmad Shah Abdali, mwanzilishi wa taifa lao. Mtoto wa mashariki alijua akiwa hodari ana timu ya kwao ya kuingia kabla ya kufikiria timu ya taifa.

Na kilitoka nini? Kijana wa Speen Ghar, Bahir Shah, alicheza mechi yake ya kwanza kabisa ya daraja la kwanza akapiga 256 bila kutolewa. Ndani ya msimu huohuo, akiwa na miaka 18, akapiga 303 bila kutolewa. Katika historia yote ya daraja la kwanza, aliyefikisha 300 akiwa na umri mdogo kuliko yeye ni Javed Miandad wa Pakistan peke yake. Alipopita mikimbio 1,000, wastani wake ulikuwa juu ya 120. Don Bradman alimaliza maisha yake ya daraja la kwanza na wastani wa 95.14. Simlinganishi kijana na Bradman, nisinukuliwe vibaya. Ninachosema ni kwamba usipokuwa na msimu, kijana kama huyo anaishia kupiga mpira wa tenisi mtaani na hakuna anayejua.

Sisi je? Februari 2018, wakati wenzetu wametoka tu kwenye msimu huo, Kenya ilikwenda Namibia kwenye daraja la pili la dunia. Tulipoteza mechi zote tukashuka. Kapteni, kocha na rais wa chama wakajiuzulu. Kila mtu akatafuta wa kumlaumu. Hakuna aliyeuliza wale vijana walijifunzia wapi kuvumilia.

Nitawapa namba moja ya kutafakari: 93. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, Kenya iliwatoa West Indies wote kwa 93. Dunia ilishika mdomo. Tarehe 4 Oktoba 2013, mjini Sharjah, Afghanistan wakatutoa sisi wote kwa 93 na kukata tiketi yao ya Kombe la Dunia la 2015. Mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kimataifa ya siku moja. Kati ya 93 ya kwanza na ya pili kulikuwa na miaka 17. Msimu wa kanda wa siku nne tulioanzisha katika miaka hiyo: sifuri.

Najua majibu yenu. La kwanza: "Pesa hatukuwa nazo." Waongo! Baada ya 2003 sifa zilikuja na wafadhili wakabisha hodi. Tukafanya nini? Mwaka 2004 wachezaji waligoma kwa ajili ya malipo, viongozi wakavutana, na mwaka 2005 ikabidi chama kipya kiundwe. Mwaka 2011 tulianzisha ligi na Uganda, timu za kanda zenye majina mazuri kabisa, lakini ilikuwa ya ova 20 na 50. Hata hiyo haikudumu.

La pili: "Siku nne nani ataangalia?" Hakuna! Nani anaangalia mwanafunzi wa udaktari akikesha na vitabu? Mbona wote tunataka atutibu? Steve Tikolo, mpigaji bora tuliyewahi kuwa naye, alicheza msimu wa 1995/96 Afrika Kusini na timu ya Border. Obuya naye baada ya Kombe la Dunia alikwenda Warwickshire, Uingereza. Shule ilikuwa kwa majirani, na sisi tukasubiri watoto warudi na vyeti.

La tatu lina uzito zaidi: "Afghanistan si malaika." Kweli. Juni 2018, kwenye Testi yao ya kwanza, India iliwamaliza ndani ya siku mbili. Na baada ya Taliban kurudi madarakani Agosti 2021, wanawake wa nchi ile wamefungiwa mchezo. Wengi wa wale 25 waliopewa mikataba mwaka 2020 walikimbilia Australia. Hiyo ni aibu na sitaifunika. Siombi tuige serikali yao. Naomba tuige kalenda yao ya 2017/18. Septemba 2019 timu iliyotoka kwenye kalenda ile iliwafunga Bangladesh Testi, ugenini Chattogram, kwa mikimbio 224.

Nimepiga hesabu kwenye karatasi ya chai. Chukua timu nne: Nairobi, Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi. Kila moja icheze na mwenzake mara moja. Ni mechi sita, siku 24 za mchezo, wachezaji 44 uwanjani. Haihitaji uwanja mpya wala kibali cha dunia kwa kuanzia. Inahitaji mipira, waamuzi, chakula cha mchana, nauli, na kiongozi atakayekubali kufanya kitu ambacho hakitamtoa kwenye televisheni.

Hapo ndipo penye kazi. Huyo kiongozi hayupo, na sisi wa magazeti tumechangia kumkosa, kwa sababu tunampigia simu mkongwe wa 2003 kila mwezi Machi na hatujawahi kumpigia kijana wa miaka 18 wa Nakuru kumuuliza ana mechi lini.

Mzee wangu mhariri, najua unasoma hapa kwa siri. Siku nikikuletea matokeo ya Pwani dhidi ya Magharibi, siku ya tatu, nipe hata aya mbili ukurasa wa nyuma. Nitaziandika bure.

Haya wadau, mwenye kubisha abishe.